Safari ya Labda

Wahudumu wa ndege tuna kitenzi chetu ambacho hakimo kwenye kamusi. Tunasema "kubidi". "Umebidi nini mwezi ujao?" "Nimebidi Mumbai mbili na Johannesburg moja, tuone Mungu atasema nini." Neno tumelichukua kwa Kiingereza, ambako maana yake ni kutoa ombi ukishindana na wenzako, kama watu walio mnadani. Lakini likishaingia kwenye Kiswahili linagongana na neno lililokuwapo kabla ya ndege, lile la "inabidi". Kwa hiyo mgeni akitusikia kantini husikia kinyume cha tunachosema. Sisi tunasema tumeomba, yeye anasikia tumelazimika. Nimefanya kazi hii miaka 11, na siku hizi naamini huyo mgeni ndiye mwenye masikio mazuri.

Hebu nieleze jinsi mambo yanavyokwenda, manake wengi huona sare na begi la magurudumu tu. Kila mwezi shirika hupanga safari zake zote. Kila ndege huhitaji idadi fulani ya wahudumu. Sheria inayofuatwa katika nchi nyingi ni angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Sisi nasi hufunguliwa dirisha kwenye programu, kila mtu aandike anachotaka: safari gani, siku zipi za ofu, kama hutaki kuripoti alfajiri, kama wapenda safari za kulala ugenini au za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Dirisha likifungwa, programu huanza kugawa.

Kugawa kwenyewe kuna madhehebu mawili. Kuna mashirika yanayofuata ukongwe: aliyeajiriwa kwanza huchagua kwanza, wa pili huchagua katika kilichobaki, na hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari, ambapo wale vijana wa mwaka jana hupewa makombo. Makombo ni stendibai, yaani kukaa nyumbani sare imepigwa pasi na simu imejaa chaji, ukisubiri mtu mwingine augue. Kuna mashirika mengine yanayozungusha: wahudumu hugawanywa makundi, mwezi huu kundi lenu li juu, mwezi mwingine li chini, na kuna mwezi mzima kundi lako ndilo la stendibai. Nimewasikia watu wakibishana juu ya mifumo hii miwili kwa ukali ambao ungedhani ni siasa za uchaguzi. Ukongwe una ubaya wa kumnyima kijana maisha, lakini una wema mmoja: kijana anajua siku moja zamu yake itafika. Mzunguko hauna upendeleo, lakini pia hauna kesho. Mwenye miaka 20 kazini na mwenye miaka miwili wote wanakula stendibai mwezi wao ukifika.

Kwetu ni ukongwe. Na ukongwe una kufuli ambalo hulioni siku unayosaini mkataba. Ukihama shirika, hata uwe na miaka 15 ya kuruka, unaanzia mwisho wa mstari pamoja na watoto waliomaliza mafunzo juzi. Ndiyo maana utamkuta mtu analaumu kazi kila siku na haondoki. Nafasi yake kwenye ile orodha ni kama shamba la minazi. Huwezi kulibeba ukaenda nalo.

Programu ina ujuzi mwingi lakini haijui mwezi. Nasema mwezi ule wa mbinguni. Sisi Waislamu tunabidi sikukuu tusiyojua itakuwa lini. Dirisha hufungwa wiki kadhaa kabla, na Idi huamuliwa usiku wenyewe, mwezi uandame au usiandame. Kwa hiyo unaomba ofu siku mbili mfululizo, au tatu ukiwa na uroho, ukijua moja itapotea bure. Mwaka wangu wa tatu kazini nilipata siku moja tu katika zile nilizoomba. Mwezi haukuonekana. Siku yangu ya ofu ikawa siku ya 30 ya kufunga, na siku ya Idi yenyewe nilikuwa angani nikigawa trei za chakula cha mchana kwa watu waliopendeza kwa kanzu mpya.

Dawa ya hilo tumeitengeneza wenyewe, nje ya programu. Kila Desemba, sisi tunaosali Ijumaa tunachukua Krismasi za wenzetu, na wao hutulipa Idi ikija. Kuna kundi la simu la kubadilishana zamu ambalo likisomwa na mtu wa nje atadhani ni soko la Kongowea asubuhi: "Nauza Entebbe ya alfajiri, nataka chochote cha jioni." "Nani ana ofu tarehe 9? Harusi ya dadangu, tafadhali jamani." Shirika huidhinisha mabadilishano hayo mradi saa za mapumziko zisivunjwe. Nimewahi kufikiri kwamba katika nchi ambako watu huulizana jina la ukoo kabla ya kuulizana hali, lile kundi la simu ni mojawapo ya mahali pachache ambapo dini ya mwenzako ni faida kwako. Bila Wakristo nisingesali Idi na mamangu hata mara moja.

Mamangu anakaa Kisauni, Mombasa. Kituo changu cha kazi ni Nairobi. Kati yao ni karibu kilomita 500, na hizo kilomita hakuna anayezilipia isipokuwa mimi.

Kusafiri kwenda kituo si jambo tulilolivumbua sisi. Enzi za East African Airways, shirika la pamoja lililoanza 1946, makao makuu yalikuwa Nairobi huku nchi zote za jumuiya zikiwa na hisa. Lilipovunjika mwaka 1977 kila nchi ilibaki na lake, lakini tabia ya kuishi kwingine na kuruka kutoka kwingine haikuvunjika. Marekani kuna wahudumu wanaokaa jimbo moja na kituo chao kiko jimbo la mbali kabisa, wanapanda ndege kwenda kupanda ndege. Kila mahali kanuni ni ile ile: unakoishi ni shauri lako. Saa ya kuripoti haijali kama umetoka mtaa wa pili au umetoka pwani. Ukichelewa, umechelewa.

Kwa hiyo mtu kama mimi haendi kazini siku ya kazi. Anakwenda siku moja kabla. Nina njia tatu. Ya kwanza ni ndege, ambayo angani haifiki saa moja, lakini kwa tiketi ya mfanyakazi unapanda kiti kikibaki, na hiyo "kikibaki" nitairudia. Ya pili ni treni, tangu ile reli mpya ianze kubeba abiria mwaka 2017. Ni kama saa tano hivi, na ukipata ya usiku unafika Syokimau kabla ya jua, jirani kabisa na uwanja wa ndege. Tatizo ni kwamba siku za sikukuu na za shule kufungwa, viti huisha mapema, na mimi sijui nitahitaji kiti lini mpaka rosta itoke. Ya tatu ni basi, usiku kucha, Mariakani, Voi, Mtito Andei, shingo imekaa upande. Nimewahi kushuka basi Nairobi alfajiri, nikabadilisha nguo, nikapaka rangi ya mdomo mbele ya kioo cha choo, na kabla ya adhuhuri nikawa namkaribisha mtu ndegeni kwa tabasamu. Abiria hawezi kujua. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, kwamba asijue.

Sasa piga hesabu. Mwezi ukinipa ofu tatu mfululizo, siku ya kwanza naila nikienda, ya tatu naila nikirudi. Inabaki moja. Kwenye karatasi nimepumzika siku tatu. Kwa mamangu nimelala usiku mmoja, labda miwili, na mmoja kati ya hiyo ni ule wa kuamka saa tisa kutafuta tuktuk ya kunivusha daraja la Nyali. Ndiyo maana sibidi Mumbai wala Johannesburg kwa sababu ya Mumbai wala Johannesburg. Nabidi safari ndefu kwa kuwa zinamaliza saa zangu haraka na kuniachia ofu zilizoshikana. Ofu moja moja zilizotawanyika hazina maana kwangu, ni sawa na kupewa shuka vipande vipande.

Nikiwa Nairobi nalala South B, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo tunaikodi wasichana sita. Hatujawahi kulala wote sita kwa usiku mmoja. Vitanda ni vinne na vinatosha, kwa kuwa daima wengine wako angani. Kuna mwenzangu wa Kisumu ambaye tumelipa kodi pamoja miaka minne na nadhani tumeonana ana kwa ana siku chache sana. Namjua kwa harufu ya mafuta yake ya nywele kwenye mto, na kwa vikaratasi anavyobandika kwenye friji: "Maziwa ni yangu lakini tumia." Nampenda sana mtu huyo.

Basi tufike kwenye tiketi, kwa kuwa hapo ndipo kila mazungumzo kuhusu kazi yetu huishia. Mtaani kwetu inajulikana kwamba mimi nasafiri bure. Mzee mmoja jirani aliwahi kunisimamisha nje ya duka akaniambia, "Mwanangu, we si wafanya kwa ndege? Nipeleke basi mara moja nione Dubai, nitakaa hata pale nyuma na mizigo." Alikuwa akitania, lakini si sana.

Si bure. Shirika lako hukupa punguzo. Lililozoeleka ulimwenguni ni asilimia 90 ya nauli, na kodi na ada za viwanja unalipa kama mtu yeyote. Kwa mashirika mengine kuna makubaliano yanayoitwa ZED, ambapo nauli ya mfanyakazi hupangwa kwa umbali, kilomita kadhaa bei kadhaa, bila kujali abiria wa kawaida analipa nini siku hiyo. Ni kitu kizuri, sikatai. Nimeona miji ambayo babangu aliisikia redioni tu. Lakini tiketi hizo karibu zote zina sharti moja, nalo ni kusubiri. Jina lako huandikwa kwenye orodha. Wenye tiketi zao hupanda. Kisha, dakika za mwisho, yule wa mlangoni huangalia viti vilivyobaki na kuita majina kwa mpangilio: walio kazini kwanza, kisha wakongwe, kisha wengine, na mara nyingi wa mashirika ya nje huja nyuma ya wenyeji. Unatakiwa uvae vizuri, usilalamike, usijadili tiketi yako na abiria. Unasimama pembeni ukijifanya hujali, na moyo unahesabu vichwa.

Mamangu alielezwa haya yote mara moja, akanijibu kwa sentensi moja ambayo imekuwa msemo wa nyumba yetu: "Mimi safari ya labda siitaki." Wazazi wetu wana haki ya punguzo hilo, na yeye kwa miaka 11 hajalitumia hata mara moja. Hakuwa na kiburi. Alikuwa na magoti mabovu na heshima yake. Alisema mtu mzima hafungi mzigo, akaaga majirani, akasomewa dua, halafu akarudi jioni na mzigo ule ule. "Nitawaambia nini? Kwamba ndege imejaa? Ndege si matatu, mwanangu."

Alichokitaka mamangu kilikuwa Umra. Hija aliona ni mbali na magoti yake na mbali na mifuko yetu, lakini Umra aliitaja kila mwaka mwezi wa Shaabani ukiingia, kwa namna ya mtu asiyeomba. Na kwa muda mrefu jibu la akili yangu lilikuwa lile punguzo. Ndege ya Jidda, nauli ya mfanyakazi, mama na mimi. Lakini Ramadhani ndege za huko hujaa hadi kiti cha mwisho, na hata ukibahatika kwenda, kurudi ni bahati nyingine. Ningemweka mama wa miaka 68 kwenye benchi la uwanja wa ndege wa Jidda, magoti yamevimba, tukiangalia ndege zinaondoka moja moja? Alichokisema kuhusu labda kilikuwa na hekima kuliko fomu zote nilizojaza.

Ndugu yangu na mimi tukaweka akiba kwa miezi 20. Tukamlipia kila kitu kwa bei ya watu, na kikundi cha wanawake wa mtaani, kiti chake kikiwa na namba na jina lake limeandikwa sawasawa. Mimi nilibidi likizo yangu yote ya mwaka kwenye siku hizo kumi, na kwa mara ya kwanza ukongwe wangu ukafua dafu: nikapewa. Viza nilikuwa nayo. Sikuwa na pesa za tiketi ya pili ya bei ya watu, kwa hiyo mimi nikasafiri kwa labda.

Mtu anaweza kukisia kilichotokea. Mama alipanda na wenzake, wote na mitandio ya rangi moja ili wasipoteane. Tulikuwa tumesimama pamoja hadi mlangoni. Akaingia. Mimi nikasimama pembeni na wafanyakazi wengine wanne wa mashirika mbalimbali. Wakaita majina mawili. Langu lilikuwa la tatu. Mlango ukafungwa, na yule dada wa mlangoni, ambaye alijua kazi yangu kwa kunitazama tu nilivyosimama, akaniambia, "Pole, dadangu," na alimaanisha. Usiku uliofuata nilijaribu tena, na wa tatu. Usiku wa nne nilikaa South B nikatazama picha ambazo mtu wa kikundi alikuwa akizituma. Mama amekaa kwenye kiti cha magurudumu, anacheka, anasukumwa na binti wa jirani yetu, msichana ambaye hajawahi kupanda ndege kabla ya hapo.

Nimelifikiria sana hilo, na sikusudii kulifanya mkasa. Mama alifika. Ndilo lililokuwa muhimu. Lakini kuna jambo lililonipambanukia pale mlangoni ambalo miaka 11 ya rosta haikunionyesha. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba kazi hii inaninyima muda na kunipa dunia, na kwamba siku moja nitabadilisha moja kwa nyingine, kama tunavyobadilishana Idi na Krismasi. Haibadiliki. Muda wanaochukua ni wa hakika: saa ya kuripoti, tarehe, namba ya safari. Dunia wanayotupa ni ya labda. Huwezi kulipa deni la hakika kwa pesa za labda, mamangu alilijua hilo bila kusoma mkataba.

Kati ya vitabu vinavyokaa kwenye begi langu la kazi ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kile kilichotoka mwaka 1951. Nakirudia kwa sababu ya kitaaluma karibu: ni habari za nchi iliyo angani, na wajumbe sita waliotumwa pande sita, kaskazini hadi kusini, mbinguni hadi ardhini, wakatafute mema ya kuiletea nchi yao. Walipata tabu njiani, wakarudi na walichokiona, na kwao wakatupwa gerezani. Shuleni tulifundishwa kukisoma kama kitabu cha haki na utawala, na ndivyo kilivyo. Lakini kisome ukiwa kwenye kile kiti cha kukunja karibu na mlango wa ndege, saa tisa usiku, abiria wamelala, utaona pia kwamba ni kitabu cha watu wanaotumwa. Nani anawauliza wajumbe wale walikuwa wanataka kwenda upande gani? Hakuna aliyebidi.

Mama aliporudi nilikuwa kazini. Nilimwona siku tisa baadaye, maji ya Zamzam kwenye chupa na tende kwenye mfuko, amezigawa kwa majirani wote na kuniwekea mimi fungu kubwa kuliko la ndugu yangu. Sikumweleza habari za mlangoni; alikuwa ameambiwa na wenzake. Alinitazama nikinywa yale maji, akasema, "Nilikuombea kule." Nikamuuliza ameniombea nini. "Nimekuombea kiti."

Tumecheka sana na jambo hilo. Ndugu yangu hulirudia kila nikifunga begi.

Watu huniuliza kwa nini siombi kazi ya ofisini Mombasa, au nisihamie shirika la Ghuba ambako wahudumu hupewa nyumba na kwao ni mbali kiasi kwamba hakuna anayejaribu kurudi kila wiki. La pili nimelikataa kabisa. La kwanza bado nalipima. Kwenye orodha nimebakiza watu kidogo sana juu yangu kabla ya kufika mahali ambapo Idi itakuwa yangu bila kuomba mtu, na ni vigumu kuuacha mnazi ukiwa umeanza kuzaa. Magoti ya mama hayapimwi kwa orodha hiyo, najua. Kwa hiyo kila mwezi nafanya hesabu hiyo upya.

Dirisha la mwezi ujao linafungwa kesho usiku. Nimeomba safari tatu ndefu mwanzoni, na ofu sita zilizoshikana katikati, manake ana miadi ya daktari wa mifupa siku ya Jumatano na ndugu yangu hawezi kuacha duka. Treni nimeshalipia, kwenda na kurudi, kiti dirishani. Rosta ikikataa, nitaingia kwenye lile kundi la simu na kuuza Krismasi ya miaka miwili ijayo. Yuko mmoja wa Nyeri ambaye tayari ameniuliza bei.